Chupa ya Tatu

Jumatatu, 2 Februari. Asubuhi mawingu, hakuna upepo, hewa nzito kama blanketi lililoloa.

Muhula umeanza. Nimefika maabara saa moja kasoro dakika kumi. Vumbi la likizo juu ya meza zote sita, mjusi mmoja amekaukia ndani ya sinki. Nimehesabu bika: thelathini na nne, moja ina ufa. Nimefungua stoo, nimenusa, nimefunga. Kila kitu kipo mahali pake.

Mwalimu amefika saa mbili. Nimemwamkia, akaitikia, akaniuliza kama likizo imeninenepesha au ni koti limesinyaa. Huyu ndiye aliyenifundisha kemia nikiwa nimevaa sare ya shule hii hii. Nilipokosa nafasi ya kuendelea na masomo, yeye ndiye aliyeniombea kazi ya kutunza maabara. Huu ni mwaka wetu wa kumi na moja pamoja. Alitakiwa kustaafu miaka mitatu iliyopita, lakini hapajapatikana mwingine, kwa hiyo anaongezewa muhula mmoja mmoja.

Saa nne ameingia Mkuu wa shule. Viatu vyake husikika kabla yake. Amesema mwisho wa Machi wageni wa bodi watakuja kutukagua, na anataka waone "ile ya rangi". Siku hiyo ikienda vizuri, Mwalimu atapewa mkataba wa miaka miwili mfululizo. Mwalimu amecheka kama kijana aliyechaguliwa timu.

Ile ya rangi sisi tunaiita saa. Ni chupa tatu, na kilichomo ndani ya kila moja ukikimimina huonekana kama maji tu. Unamimina ya kwanza ndani ya bika kubwa, unamimina ya pili, kisha ya tatu, unakoroga. Mchanganyiko unageuka rangi ya asali, halafu ghafla buluu nzito, halafu unarudi kuwa maji. Asali, buluu, maji. Unajigeuza wenyewe, hakuna anayeugusa, mara kumi na nne au kumi na tano, kwa dakika nne hivi. Mwisho unabaki buluu ya kiza, unanuka kama dawa ya kidonda, na haurudi tena.

Kanuni ya maabara aliiweka yeye: anayepanga hamimini, anayemimina hapangi. Mimi ndiye ninayeingia stoo, ninayepima, ninayezimua, ninayepanga chupa kuanzia kushoto. Yeye haingii stoo. Anasoma lebo kwa sauti, ananitazama, naitikia kwa kichwa, ndipo anamimina. Macho manne. Kwa miaka kumi na moja hajaungua mtoto hata mmoja.

Alhamisi, 5 Februari. Mvua ya kwanza, ndogo.

Paa linavuja juu ya meza ya nne. Nimeweka ndoo.

Jumanne, 10 Februari. Mvua tangu alfajiri, imekatika saa tatu.

Kidato cha tatu wameonyeshwa saa kwa mara ya kwanza. Mwalimu hakusoma lebo. Alikuwa anawasimulia habari ya mtu aliyegundua jambo hili halafu hakuna aliyemwamini, akanogewa, akamimina ya kwanza, akamimina ya pili, akaendelea na hadithi, akamimina ya pili tena, ndipo ya tatu. Nilikohoa. Hakusikia.

Rangi ziligeuka mara tatu tu zikafa. Akasema saa imeingia maji, wanafunzi wakacheka. Nami nilicheka.

Nimeandika kwenye daftari la maabara: mara tatu, halijoto ya chumba ishirini na nne. Sababu sikuandika.

Jumanne, 17 Februari. Mawingu, joto.

Leo Mwalimu amewafundisha kidato cha tatu somo lile lile alilowafundisha jana. Maneno yale yale, na utani ule ule mahali pale pale. Darasa likadhani ni mchezo. Mmoja wa nyuma akawa anamalizia sentensi kabla yake, kicheko kikasambaa, na Mwalimu akafurahi kuona wameelewa upesi hivyo.

Kuna binti mmoja anakaa mstari wa mbele, wenzake wanamwita Miwani. Vioo vyake ni vizito kama vitako vya glasi, na hata hivyo huweka pua karibu na meza. Huyo hakucheka. Aliandika somo lote upya, akatia tarehe ya leo. Baada ya kipindi alinifuata kwenye sinki akaniuliza, "Anti, Mwalimu anatupima?" Nikamwambia ndiyo. Akashukuru, akaenda zake.

Jumatano, 18 Februari. Mvua kubwa.

Nimemwomba dada nyuzi nyekundu. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani na ninaishi kwake. Chumba chake cha mbele ndicho kiwanda. Aliuliza za nini. Nikasema za kufungia shingo za chupa: uzi mmoja kwa ya kwanza, miwili kwa ya pili, mitatu kwa ya tatu. Akaniuliza kama chupa zangu sasa zinavaa shanga. Watu wanaolewa na waume, alisema, mdogo wangu ameolewa na kabati.

Kisha akauliza kwa nini ghafla lebo hazitoshi. Nikamweleza kidogo. Alishona mstari mzima kabla ya kunijibu.

"Mficha maradhi... malizia mwenyewe, wewe ndiye msomi."

Jumanne, 24 Februari. Asubuhi jua kali, mchana mvua.

Leo Mwalimu alikuwa mwepesi kichwani kama zamani. Alipiga hesabu ya ubaoni bila karatasi, akamkamata mtu anayenakili bila hata kugeuka. Saa iligeuka mara kumi na tano.

Watoto walipotoka alibaki amekaa kwenye kigoda changu. Alishika zile nyuzi shingoni mwa chupa, moja moja, akazihesabu kwa kidole. Niliona aibu kana kwamba nimefumaniwa.

"Ni kwa ajili yangu hizi," alisema.

Nikasema zinasaidia siku taa zikikatika.

"Wewe ni mwongo mbaya, mwanangu. Umekosa mazoezi." Alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Nisikilize nikiwa bado nipo. Kuna asubuhi naamka najua kila kitu. Kuna asubuhi natafuta jina la marehemu mke wangu kama mtu anayetafuta funguo. Inakwenda, inarudi. Siku utakayoniona naingia stoo mwenyewe, ujue sijui ninachofanya. Usinionee haya. Nenda kwa Mkuu siku hiyo hiyo."

Niliahidi. Akanitaka niseme kwa sauti, kama mwanafunzi. Nikasema kwa sauti.

Jumanne, 3 Machi. Mvua usiku kucha, asubuhi imetulia.

Mkuu amekuja kutazama mazoezi. Mara kumi na tano. Alipiga makofi, na sikuwahi kumwona akipiga makofi. Akasema wageni watachanganyikiwa. Akamwambia Mwalimu kwamba karatasi za mkataba mpya amekwisha kuziandaa, bado sahihi.

Hakujua kwamba leo asubuhi, kabla hajaingia, Mwalimu aliniuliza shughuli ya leo ni ya nini.

Sasa nina njia mpya. Nasimama upande wake wa kulia nikiwa na penseli. Ikifika ya kwanza nagonga meza mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Wanafunzi wanadhani ni mdundo wa onyesho na wameanza kugonga pamoja nami. Nimekuwa hodari wa kumficha, na sijui kama hilo ni jambo la kujivunia.

Alhamisi, 5 Machi. Mvua.

Mara kumi na nne.

Jumatatu, 9 Machi. Mvua. Ndoo ya meza ya nne imejaa mara mbili.

Ameniita kwa jina la mke wake. Nimeitika.

Jumanne, 10 Machi. Ukungu.

Nimemkuta amesimama mbele ya mlango wa stoo, mkono juu ya kitasa. Nikamuuliza kama anahitaji kitu. Akautazama mkono wake, akautoa, akasema kitasa kinahitaji mafuta. Hakuingia. Nimejiambia kwamba kusimama si kuingia.

Alhamisi, 12 Machi. Asubuhi mvua nyembamba isiyo na sauti.

Naandika kwa mpangilio ili nisiruke kitu.

Saa nne na dakika kumi: kidato cha tatu wameingia. Chupa zangu tatu zilikuwa tayari mezani na nyuzi zake. Saa nne na dakika kumi na tano karani alikuja kuniambia kuna mtungi wa gesi umeletwa getini, nikatie sahihi. Funguo za stoo niliziacha juu ya meza yangu. Miaka yote huwa naziacha pale. Mwenye kanuni ndiye aliyekuwa chumbani, ningemwogopa nani?

Saa nne na dakika ishirini na tano nilirudi. Mlango wa stoo ulikuwa wazi.

Chupa yangu ya nyuzi tatu ilikuwa imesogezwa pembeni. Mahali pake ilisimama chupa kubwa nyeusi ya peroksidi, ile kali yenyewe, ambayo mimi huitoa nikiwa na glavu hadi kiwiko na huizimua kwa maji mengi kabla haijaonana na mtoto. Mwalimu alikuwa tayari amemimina ya kwanza na ya pili. Silinda ya kupimia ilikuwa imejaa mkononi mwake. Darasa zima lilikuwa linagonga meza, mara tatu, mara tatu, kama nilivyowazoesha.

Niliita "Mwalimu" kwa sauti ya kawaida, maana ukimpigia kelele mtu aliyeshika kitu kama hicho unaushtua mkono wake. Akanitazama, akatabasamu, akamimina.

Ilipita asali, ikapita buluu, zote ndani ya kufumba na kufumbua. Kisha ikaumuka. Povu la kahawia lilipanda juu ya mdomo wa bika, mvuke wa zambarau ukatoka, kioo kikalia kama mtu aliyevunja kidole, na vyote vikamwagika na kuruka mbele. Mbele alikuwapo Miwani, pua yake shubiri moja kutoka mezani.

Nilimshika kiunoni nikamweka chini ya bomba. Dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Nilimwambia asifumbe macho, naye hakufumba. Matone matatu yalikuwa juu ya kioo cha kushoto, moja liko katikati kabisa. Kama si miwani. Shavuni chini ya kioo na kwenye kifundo cha mkono ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe kama chaki, kisha ikaanza kuvimba.

Wengine walikuwa wamebanana ukutani wakilia. Katikati ya kilio hicho nilisikia sauti moja iliyotulia.

"Moja," ilisema. "Mbili."

Mwalimu alikuwa amesimama pale pale, anatazama bika iliyopasuka, anahesabu rangi.

Mkuu alifika akikimbia, viatu mkononi. Binti amepelekwa hospitali. Baada ya chumba kuwa kitupu Mkuu aliuliza nani aliyeitoa chupa ile stoo. Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri jibu, hata yeye anataka kujua. Uso wake ulikuwa safi kabisa.

Nikasema, "Mimi."

Ijumaa, 13 Machi. Mvua.

Nimepewa barua ya onyo. Mwalimu alinipa pole, akasema kila mtu hukosea mara moja.

Jumanne, 17 Machi. Asubuhi baridi, mvua imepumzika.

Nimekwenda kumwona Miwani nyumbani kwao. Shavu limechubuka, chini pana rangi ya waridi kama ya mtoto mchanga. Mkono umefungwa. Daktari amesema jicho ni zima. Mama yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipa kiti kizuri akakaa kwenye ndoo. Anasema binti hataki kukaa nyumbani, anataka kurudi kabla ya siku ya wageni ili asikose nafasi yake ya mbele.

Nilipokuwa natoka Miwani alinisindikiza hadi kwenye kona. Akasema taratibu kwamba aliona yote: nani alichukua funguo, nani alifungua mlango. Hajamwambia mtu. "Nikadhani anatupima, Anti," alisema. "Ulisema anatupima."

Nimefika nyumbani nikamweleza dada yote. Hakunitania. Alizima cherehani.

Alhamisi, 19 Machi. Mvua kubwa, barabara ya shule imekuwa mto.

Siku hiyo hiyo, nilikuwa nimeahidi. Leo ni siku ya saba.

Nilimweleza Mkuu kila kitu, tangu tarehe kumi Februari: nyuzi, penseli, funguo, na neno "mimi". Kumbe mwanamke huyu, ambaye kwa miaka mingi nimemwona kama rula yenye viatu, anajua kusikiliza. Hakunikatiza. Mwisho aliuliza kwa nini alipaswa kuniamini leo ilhali wiki iliyopita nilimwambia jambo jingine kwa uso huu huu. Akamwita Mwalimu.

Alikuja ameshika kalamu nyekundu, katikati ya kusahihisha. Mkuu alimweleza kwa upole. Mwalimu alinigeukia.

"Nilikuambia hayo lini?"

Nikamtajia tarehe, jua la asubuhi, kigoda.

"Huyu," alimwambia Mkuu, wala hakupandisha sauti, "nilimkuta hapo mlangoni hajui tofauti ya bika na kikombe cha chai. Leo ameunguza mtoto, anatafuta mzee wa kumtwika."

Mkuu amesema kesho saa tatu Mwalimu atafanya onyesho mbele yake peke yake. Bila nyuzi, bila penseli. Mimi nitapanga, kisha nitasimama dirishani nikiwa nimewapa mgongo.

Ijumaa, 20 Machi. Jua. Siku ya kwanza ya jua kamili wiki hii.

Nilisimama dirishani. Nilimsikia akisoma lebo ya kwanza, akisema kiasi chake, akimimina. Akasoma ya pili. Akasoma ya tatu, akaeleza kwa nini lazima izimuliwe na nini hutokea isipozimuliwa, kwa maneno yale yale aliyonifundishia nikiwa na miaka kumi na saba. Kijiti cha kioo kikaanza kuzunguka. Nilihesabu kwa kumsikiliza Mkuu akivuta pumzi kila buluu ilipoingia. Mara kumi na tano.

Nilijua kabla sijageuka. Leo alikuwapo mzima mzima.

Mkuu aliniambia tukiwa kwenye veranda kwamba nitaendelea kupanga chupa hadi siku ya wageni kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Baada ya hapo tutazungumza kuhusu mahali pengine pa kunifaa, labda maktaba. Akasema pia wageni wanataka picha nzuri, hivyo kidato cha kwanza watakaa sakafuni mbele kabisa, kuizunguka meza. Nikasema warudi nyuma hata hatua tano. Akaniambia, kwa jina analoniitia kazini, "Fundi, inatosha."

Jumatatu, 23 Machi. Mvua imerudi.

Mwalimu ameniletea karanga za kuchemsha, akaniuliza mbona nimenuna, nani kaniudhi. Hakuna ugomvi anaoukumbuka. Tumezila pamoja kwenye kigoda, ganda juu ya ganda.

Saa sita aliniuliza Miwani anaumwa nini, mbona hamwoni. Nikamweleza. Akashika kifua, akasikitika, akauliza nani amemfanyia hivyo. Saa nane akaniuliza tena.

Jumanne, 24 Machi. Mvua. Hakuna la kuandika. Uongo: nimemkuta ndani ya stoo, ameketi juu ya kreti, anasoma lebo moja moja kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. Nilimtoa kwa mkono. Sasa funguo nazivaa shingoni.

Alhamisi, 26 Machi. Asubuhi mawingu meusi ambayo hayakunyesha.

Kuanzia alfajiri nimelipiga hesabu jambo hili kwa kila upande. Kesho akiharibu, kuna watoto ishirini wa kidato cha kwanza sakafuni, macho yao usawa wa meza. Kesho akifaulu, anapata miaka miwili, nami nitakuwa maktaba napanga vitabu, na mwingine asiyejua kugonga penseli atasimama hapa. Siku zake mbaya nimezizoea. Siku zake njema ndizo zinazoniogopesha, kwa sababu ndizo zinazoaminiwa.

Nimewaza kumwaga kila kitu na kusema dawa zimeisha, lakini Mkuu ana orodha ya stoo na Mwalimu angeahirishiwa tu. Nimewaza kugoma. Wangempa funguo.

Saa tisa mchana, shule ikiwa imetulia, nimepanga chupa za kesho. Ya kwanza nimeipima kama inavyotakiwa. Ya pili nimeipima kama inavyotakiwa. Ya tatu nimeijaza maji ya birika, yaliyochemshwa na kupoa, nikabandika lebo ile ile na kuandika tarehe na herufi za mwanzo za jina langu.

Nimeiinua nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Chupa ni ya kioo cheusi, haionyeshi kitu. Hata hivyo nimeitazama.

Ijumaa, 27 Machi. Asubuhi mvua ya rasharasha, saa tatu jua limetoka.

Wageni walikuwa saba. Watoto wa kidato cha kwanza walikaa sakafuni wakiwa na soksi nyeupe. Miwani alikuwapo, bandeji safi mkononi. Mkuu alimweka kiti mstari wa pili. Mwalimu alivaa tai.

Nilipomwona akivuka mlango nilijua ni siku yake njema. Alitembea kama mtu anayeingia kwake. Alinipita akaninong'oneza, "Umepanga?" Nikasema nimepanga. "Basi mimi sina wasiwasi."

Aliwasimulia habari ya yule mtu ambaye hakuna aliyemwamini. Wageni walicheka panapotakiwa. Alisoma lebo ya kwanza kwa sauti, akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, akamimina. Akasoma ya pili, akanitazama, nikaitikia, akamimina. Akasoma ya tatu. Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Alikoroga kwa kijiti cha kioo, taratibu, upande wa kulia, bila kugusa kingo. Akakiondoa. Akanyoosha mikono miwili hewani kama afanyavyo siku zote, ili waone kwamba hagusi kitu.

Maji yalibaki maji.

"Subirini," alisema. "Leo inajivuta."

Nilihesabu moyoni. Nilifika sitini. Nilifika mia na ishirini. Mgeni mmoja alikohoa. Mikono yake ilikuwa bado hewani. Mtoto mmoja wa sakafuni, mdogo kuliko wote, alisema bila ubaya, kama mtu anayesaidia, "Mwalimu, hayo ni maji." Wenzake wakamziba mdomo. Nilifika mia mbili na arobaini, na hapo Mkuu akasimama akasema wageni hawajaona maktaba.

Wakatoka. Watoto wakatoka kwa mstari. Miwani alikuwa wa mwisho. Alitazama bika, akanitazama mimi, akatoka.

Mwalimu alishusha mikono.

"Mwanangu, nimekosea wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya Mkuu na ya wageni. La kumjibu yeye nililitunga pale pale.

"Umemimina ya pili mara mbili, Mwalimu. Ya tatu hukuigusa."

Akaigeukia chupa ya tatu. Aliinyanyua, akaipima uzito kwa mkono, na nikaona dole gumba lake likienda kwenye kizibo. Kunusa kungetosha, au tone moja ulimini. Nilikuwa nimeshika ukingo wa sinki. Akairudisha mezani, akaisogeza ikae sawa na zile nyingine mbili.

"Ilianza lini?"

"Februari. Pengine kabla."

"Na wewe ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekuelewa. Si nimekulea mimi?"

Alivua koti jeupe, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kigoda, akaenda ofisini kwa Mkuu. Alitembea wima.

Niliziosha chupa zote tatu, ya tatu mara mbili, nikazigeuza zikauke. Nilikuwa nafuta meza niliposikia viatu. Mkuu alisimama mlangoni. Alisema Mwalimu ameomba mwenyewe kupumzika kuanzia leo, na wao wawili wamelia kidogo. Kisha akasema, "Nisamehe, Fundi. Ulisema kweli, nami nikakufanya mwongo." Barua ya onyo ataichana. Maabara inabaki yangu.

Nikamwambia ahsante.

Dada aliniuliza kama zimegeuka. Nikasema hazikugeuka. Akataka kujua kama mzee alisahau tena, nami nikasema nataka kulala, akadhani nimechoka, akanitandikia kitanda chake kwa kuwa changu kina nguo za wateja.

Hakusahau kitu. Alisoma lebo zote tatu. Alipima sawasawa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakumwaga hata tone, na mkono wake haukutetemeka.

Saa kumi na moja na robo jioni. Jua bado lipo ukutani. Nalala.